Kistari ni cha Nani?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali ambalo wengine wataliona la kitoto. Mwenzako amekuletea hadithi yake uisome kabla haijachapishwa. Ndani yake umekuta maneno mawili ambayo ameyaunganisha kwa kistari. Wewe unaona kistari hicho hakifai, basi unakifuta. Je, umemsaidia au umemwingilia? Kistari hicho kilikuwa cha nani: cha aliyekiandika, cha lugha, au cha wewe uliyeshika kalamu ya mwisho?

Najua wapo watakaocheka. Watasema, jamani, ajira hakuna, maisha magumu, halafu kijana mzima wa Iringa anakaa kujiuliza habari za kistari! Nawajibu kwa heshima. Mambo makubwa yana walinzi wengi. Ukibadilisha jina la mtu kwenye hati ya kiwanja utaitwa mahakamani. Ukibadilisha kistari chake hakuna atakayekushitaki, na pengine hakuna hata atakayejua. Ndiyo maana nasema tabia ya mtu anayehariri haionekani sana kwenye makosa makubwa anayoyasahihisha. Inaonekana kwenye vitu vidogo anavyovigusa wakati hakuna anayemwangalia.

Kwanza tuelewane kuhusu kistari chenyewe. Katika Kiswahili kina kazi ya kukata neno linapokosa nafasi mwishoni mwa mstari. Hapo hakuna ugomvi mkubwa. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo mtangazaji hukatwa mta-ngazaji, si mtan-gazaji, na ng'ombe hukatwa ng'o-mbe. Programu nyingi za kompyuta hazilijui hilo. Hukata neno letu kwa kisu cha Kiingereza, na ukisoma gazeti lenye safu nyembamba utawaona majeruhi. Huyo ni mgonjwa ambaye dawa yake inajulikana.

Ugomvi upo kwenye kazi ya pili, ile ya kuunganisha. Kiswahili huweka kivumishi nyuma ya nomino: maji baridi, utu bora, mama mkubwa. Mara nyingi maneno hayo mawili ni majirani tu. Leo maji ni baridi, kesho ni ya moto, hakuna aliyeapa kubaki na mwenzake. Lakini baadhi ya majirani hukaa pamoja muda mrefu mpaka wanaoana, na wakishaoana wanazaa maana ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa nayo peke yake. Baba mdogo anaweza kuwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Mdogo hapo si sifa ya umbo lake, ni nafasi yake kwa baba yako. Midomo yetu imelitambua hilo kabla ya kalamu, ndiyo maana mitaani husikii tena baba mdogo na mama mdogo, unasikia bamdogo na mamdogo. Wapo wanaosema bado "mama yangu mdogo", wakiingiza neno katikati ya wanandoa hao, na wapo wanaosema "mamdogo wangu", kwa sababu kwao katikati hapaingiliki tena. Lugha moja, mtaa mmoja, pengine nyumba moja, na ndoa hiyo iko katika hatua mbili tofauti.

Tazama neno jingine. Magazetini utakuta mja mzito, mja-mzito na mjamzito, na wote hao ni mama mmoja anayesubiri kujifungua. Ukiwa nao wengi unasema wajawazito. Hata yule aliyeandika neno moja analazimika kubadilisha mbele na katikati, kama tunavyofanya kwa mwanamke na wanawake. Maneno hayo yameoana lakini kila moja limetunza desturi za kwao.

Au tazama maji. Nguo ikiwa majimaji haijakauka vizuri. Lakini vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, havikuwa vita vilivyolowa. Maji yale yalikuwa dawa waliyopewa wapiganaji, na jina lake likarudiwa mara mbili. Vitabu vingine vinaandika Maji Maji, vingine Maji-Maji, vingine Majimaji, na Songea kuna uwanja wa mpira unaoitwa Majimaji. Nafasi ndogo ya kidole kimoja inatenganisha nguo mbichi na damu ya wazee wetu.

Na mwalimu wetu sote katika hili ni Shaaban Robert. Yeye alichukua utu na bora, nomino na kivumishi chake, akavibana pamoja bila nafasi wala kistari, akapata jina la mtu: Utubora. Utu bora ni sifa ambayo mimi na wewe tunaitafuta. Utubora ni mtu mwenye miguu, anayeamka asubuhi kwenda shambani. Sasa fikiria mhariri mwenye bidii angekutana na mswada huo akasema, hili ni kosa, hapa panatakiwa nafasi. Kwa kugusa mara moja tu angekuwa amemuua mhusika mkuu. Na kumbuka kwamba Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki dunia. Asingekuwapo mtu wa kusema, "Hapana bwana, niachie hivyo hivyo."

Utauliza, hakuna sheria? Sheria zipo, lakini hazifiki kila mahali. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na humo hamkuwa na kistari cha kuungia maneno wala herufi kubwa. Kistari kimekuja na herufi za Kirumi na mashine za kuchapia. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyopewa jukumu la kusanifisha Kiswahili na kupitia vitabu vya shule kabla havijachapishwa. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Baada ya Uhuru tukapata Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967, na mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Zote hizo ni kazi kubwa na hatuzidharau. Lakini hata jina la jiji letu kubwa limevaa nguo tatu: Wajerumani waliandika Daressalam kwa pumzi moja, katika hati nyingi za Waingereza utaona Dar-es-Salaam yenye vistari viwili, na sisi leo tunaandika Dar es Salaam. Kama jiji limepitia hayo, itakuwaje kwa maneno ya binti wa kidato cha nne aliyeandika hadithi yake kwenye daftari?

Naye binti huyo yupo. Simtaji jina kwa sababu hakunituma, na jarida nalo silitaji kwa sababu nia yangu si kuwaaibisha watu waliojitolea muda wao bure. Aliandika hadithi kuhusu dada mkubwa wa mama yake, aliyemlea hapa hapa Iringa tangu akiwa mchanga. Mama huyo alikuwa na umbo dogo sana. Sentensi ya kwanza ya hadithi, nimeiona kwa macho yangu kwenye daftari lake, ilikuwa hivi:

Mama-mkubwa alikuwa mama mdogo, lakini nyumba nzima ilisimama juu yake.

Mimi naiona ni sentensi nzuri, na nzuri yake yote imeegemea kistari. Mama-mkubwa, kwa kistari, ni cheo cha ukoo. Mama mdogo, bila kistari, ni mwanamke mwenye umbo dogo. Binti hakusoma kanuni hiyo popote. Aliitengeneza mwenyewe kwa sababu alikuwa na jambo la kusema na lugha haikumpa chombo kingine chepesi.

Mswada ukapita kwenye mikono mitatu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana makini anayependa kamusi. Akaona kistari, akasema moyoni kwamba mama mkubwa huandikwa kwa maneno mawili, akakifuta. Kwa kawaida ya watu wengi alikuwa sahihi kabisa. Mkono wa pili ukapokea nakala safi: "Mama mkubwa alikuwa mama mdogo." Msomaji huyo akashangaa. Mtu mmoja atakuwaje mama mkubwa na mama mdogo kwa wakati mmoja? Akaamua kwamba mwandishi aliteleza, kwamba alitaka kuwataja mashangazi wawili wa upande wa mama, akarekebisha: "Mama mkubwa na mama mdogo walikuwapo." Mkono wa tatu, uliokuwa ukichapa kwenye kompyuta, ukaona "juu yake" haipatani na watu wawili, ukaweka "juu yao". Hadithi ikatoka jaridani ikianza hivi:

Mama mkubwa na mama mdogo walikuwapo, na nyumba nzima ilisimama juu yao.

Hakuna kosa la sarufi humo. Kila kitu kimepatana. Tatizo ni moja tu: ni uongo. Kwenye ukoo ule mama mdogo yupo kweli, na wakati wa shida hakuonekana mlangoni hata siku moja. Mama mkubwa alikwishafariki hadithi ilipotoka. Ndugu waliposoma wakauliza, "Tangu lini huyu naye alibeba nyumba?" Na mama mdogo mwenyewe, bwana wee, alinunua nakala mbili. Binti akabaki anaeleza kistari kwa watu ambao hawajui kistari ni kitu gani. Tangu hapo hajaleta maandishi yake kwa mtu yeyote.

Sasa hapa ndipo penye swali langu la maadili. Ni nani aliyemkosea? Ukimwita mmoja mmoja, kila mkono una utetezi. Wa kwanza alifuata kawaida. Wa pili alitafuta maana mahali palipoonekana hapana maana. Wa tatu alipatanisha sarufi. Hakuna aliyekuwa na chuki, hakuna aliyelala kazini. Hata hivyo mwishoni mwanamke mmoja amegeuka wawili, na stahili ya marehemu amegawiwa mtu asiyestahili. Inawezekana basi dhuluma ikatendeka bila kuwapo dhalimu?

Wapo watakaosema inawezekana, ni bahati mbaya, tusonge mbele. Mimi sikubali. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu na naona kosa lipo, na ni moja lililorudiwa mara tatu. Kosa ni ukimya. Kila mmoja alibadilisha na kunyamaza. Angeweka alama pembeni, "Hapa palikuwa na kistari, nimekiondoa," wa pili asingeshangaa. Wa pili angeandika, "Sielewi, ulikuwa na maana gani?" swali lingemrudia binti na yeye angejibu kwa dakika moja. Kutoelewa si aibu kwa mhariri. Aibu ni kuficha kwamba hukuelewa kwa kuandika kile unachokielewa wewe.

Sisi wa Iringa tulipaswa kulishika somo hili mapema kuliko wengine. Jina la mji wetu lenyewe limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Wajerumani walipojenga boma lao hapa miaka ya 1890, lilinga likatoka kwenye kalamu zao likiwa Iringa. Mtwa wetu aliitwa Mkwavinyika, na dunia inamjua kama Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, unadai fuvu lake lirudishwe, na humo ameandikwa Sultani Mkwawa. Fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Jina kamili halikudaiwa na mtu. Sisemi leo tubadilishe vibao vya barabarani. Iringa ni jina letu sasa, tumezaliwa nalo na tunalipenda. Ninachosema ni kwamba alama ya kalamu ya mtu asiyeuliza hudumu. Kosa likikaa siku mbili ni kosa, likikaa miaka mia ni anwani.

Lakini haki ni kusikiliza upande wa pili, na upande wa pili una hoja nzito. Mhariri atasema: jarida moja haliwezi kuwa na mjamzito ukurasa wa pili na mja mzito ukurasa wa tano. Msomaji atachanganyikiwa. Atasema tena: vijana wengi wanaoandika hawajui wanachokifanya. Wanatupia vistari kama wanavyotupia chumvi, halafu ukiwauliza wanasema ni mtindo. Nikimpigia simu kila mmoja kuhusu kila kistari, jarida litatoka lini? Na atamalizia kwa kusema kwamba lugha ni mali ya wote, si shamba la mtu mmoja.

Nakubaliana naye katika mengi. Kwa kweli nadhani jibu limo humo humo katika maneno yake. Kuna vistari vya kawaida na kuna vistari vya maana. Kama mtu ameandika mja-mzito kwa sababu tu ndivyo alivyozoea, ukaandika mjamzito kwa kuwa ndivyo jarida lilivyokubaliana, hukumnyang'anya kitu. Mama ni yule yule, mimba ni ile ile. Hapo lugha ni mali ya wote na jarida lina haki ya kuwa na utaratibu wake. Lakini kama kuondoa kistari kunamfanya msomaji aelewe jambo jingine, hapo umetoka kwenye mali ya wote umeingia kwenye chumba cha mtu, na chumbani kwa mtu hubishwa hodi.

Utajuaje tofauti? Kuna kipimo chepesi, hakihitaji shahada. Soma sentensi kwa sauti mara mbili, kwanza ilivyokuwa, kisha utakavyoibadilisha. Jiulize: je, kuna mtu duniani ambaye angesema ndiyo kwa sentensi ya kwanza na hapana kwa ya pili? Kama yupo, usiiguse kabla hujauliza. Mama-mkubwa alikuwa mama mdogo: ndiyo. Mama mkubwa na mama mdogo walikuwapo: hapana, muulize ndugu yeyote. Na kipimo hiki hakihusu kistari peke yake. Shafi Adam Shafi riwaya yake ya mwaka 1999 inaitwa Vuta N'kuvute, na n ile yenye ritifaa imebeba sauti ya mtu wa Unguja anaposema. Ungeinyoosha kuwa "nikuvute" sarufi ingeshukuru, lakini yule anayesema angekuwa amehama kisiwa.

Wala msifikiri kwamba nadai kazi ya mikono mingi haiwezekani. Inawezekana, tena Kiswahili kina mfano wake mzuri. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekuwa hai mwanzoni mwa karne ya 19, hayakuchapishwa na yeye. Miaka mingi baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari W. E. Taylor aliyafanyia kazi pamoja naye, akiandika pembeni maelezo aliyoyapata kwake. Kisha W. Hichens akayahariri, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Hesabu mikono hiyo: ni mitatu, sawa na ile iliyopitia hadithi ya binti wetu, tena hapa mwenye maneno alikuwa kaburini. Tofauti ni nini? Tofauti ni zile karatasi zenye maandishi pembeni. Taylor hakumeza maelezo ya Sikujua akayafanya yake. Mpaka leo mtafiti anaweza kwenda kwenye karatasi hizo, zimehifadhiwa London, akaona nani alisema nini, na kama Hichens aliteleza mahali, njia ya kurudi ipo. Diwani hiyo haikosi dosari. Lakini njia ya kurudi ipo, na hicho ndicho alichonyimwa binti.

Basi, wenzangu mnaosomeana miswada, iwe ni Kihesa, Mlandege au kule Mwanjelwa Mbeya, naomba tukubaliane adabu chache. Ukiwa na karatasi, tumia penseli, ili neno la mwenzako libaki linasomeka chini ya lako. Ukiwa na simu au kompyuta, hifadhi nakala ya kwanza kabla hujaanza kufuta, maana mashine haina kovu. Ukibadilisha, sema umebadilisha na sema kwa nini. "Hiki si Kiswahili" siyo sababu, ni tusi lililovaa tai. "Nilidhani unawataja watu wawili" ni sababu, na mtu anaweza kuijibu. Usimsome mwenzako kwa sauti mbele ya wengine ili mcheke kosa lake. Kawaida za jarida, yaani hayo ya mjamzito na mwendawazimu, ziandikwe kwenye karatasi moja ibandikwe ukutani, kila mwandishi azione kabla hajaleta kazi, asije akadhani ameonewa yeye peke yake. Na usomaji wa mwisho kabla ya kuchapa uwe wa mwenye maandishi. Akiwa hapatikani na jambo ni la maana, liache alivyoliandika. Ni afadhali jarida likatoka na kistari cha ajabu kuliko likatoka na shangazi wa ziada.

Mwandishi naye ana deni lake, nisije nikaonekana natetea upande mmoja. Kama kistari chako kina kazi, onyesha kazi yake. Ukikitumia kwa Mama-mkubwa ukurasa wa kwanza, usikitupe ukurasa wa tatu, maana mhariri ataamini ni bahati nasibu na atakuwa na haki. Ukiulizwa, jibu, na ujibu upesi, kwa sababu anayeuliza amekuheshimu. Usinune. Swali la mhariri si hukumu. Tena wapo kati yetu wanaolilia kila mkato kana kwamba wamekatwa kidole. Hao wanawachosha wahariri mpaka wahariri wanaacha kuuliza kabisa, na hapo anayeumia ni yule mwenzao ambaye kistari chake kilikuwa na maana. Heshima ya mhariri na uvumilivu wa mwandishi ni kama mafiga, moja likiondolewa chungu kinamwagika.

Nimalizie na jambo lililonifanya nikipende kistari zaidi ya alama nyingine. Mwaka 1957, Zanzibar, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana. Jina lililotokea, Afro-Shirazi, liliandikwa kwa kistari, na likadumu hivyo mpaka chama hicho kilipoungana na TANU mwaka 1977. Lakini mwaka 1964, nchi mbili zilipoungana na kutafutiwa jina, Tanganyika na Zanzibar zilikatwa kila moja kipande zikashonwa kuwa Tanzania, na mshono hauonekani. Sipimi siasa ya muungano huu wala ule, hiyo ina wenyewe. Naangalia maandishi tu. Kuna kuunganisha kunakofanya viwili vitoweke ndani ya kimoja, na kuna kuunganisha kunakoacha kila upande uonekane ulikotoka. Kistari ni cha aina ya pili. Kinasema: hawa wako pamoja, na bado ni wawili.

Nadhani mhariri mwema naye ni wa aina hiyo. Anakaa kati ya mwandishi na msomaji, anawaleta karibu, na hammezi mmoja kwa faida ya mwingine. Kwa hiyo kwa swali langu la mwanzo nina jibu, na mwenye jibu bora zaidi aniandikie tubishane. Kistari cha kawaida ni cha lugha, na yeyote anaweza kukinyoosha. Kistari chenye maana ni cha aliyekiandika mpaka yeye mwenyewe akubali kukiachia. Mwenye kalamu ya mwisho hana chake, isipokuwa wajibu wa kuuliza.

Wapo vijana wengi katika mikoa hii ambao daftari zao zimefungwa kwa sababu kama ya binti yule. Hatutawarudisha kwa semina wala kwa zawadi. Tutawarudisha siku watakapojua kwamba akileta sentensi yake kwetu itatoka ikiwa imenyooka zaidi, na bado ni yake.

Naomba kutoa hoja.